Mazoezi makali ya nyumbani: nilishindwa siku ya 11, nikaanza upya kwa dakika 20. Mrejesho wa wiki 14

Pumzi Mpya (mleta mada)

Wakuu, habari zenu.

Kuna swali linarudi kila mara: katika hizi programu za mazoezi makali ya kufanya nyumbani kwa kufuata video, ipi inamfaa mtu ambaye mwili umelala muda mrefu? Mimi nimeingia humo mara mbili. Mara ya kwanza nilitoka nachechemea siku ya 11. Mara ya pili, leo natimiza wiki 14 na bado naendelea. Naomba nieleze zote mbili, na nitakaa zaidi kwenye ile ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho.

Nina miaka 38 na kazi yangu ni ya kukaa kutwa. Nilikuwa na kilo 91, kiuno sentimita 101, na nikipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu nafika nimeshika ukuta. Nikachagua programu ya wiki sita, siku sita kwa wiki, dakika 40 kila siku. Jina sitalitaja. Ilitengenezwa kwa mtu ambaye tayari ana pumzi, na mimi sikuwa mtu huyo.

Siku ya kwanza, ile sehemu ya kupasha mwili joto ilinimaliza kabla mazoezi yenyewe hayajaanza. Nikajilazimisha. Nilikuwa nimeaminishwa kwamba maumivu ndiyo dalili kuwa mazoezi yanafanya kazi, basi kila nilipoumia nilifurahi. Siku ya tatu nilishuka ngazi kinyumenyume kwa sababu mapaja hayakunibeba. Siku ya nne ilikuwa kichurachura, burpee (unachuchumaa, unarusha miguu nyuma, unairudisha, unaruka juu), na kukimbia papo kwa papo magoti yakipanda hadi kifuani, juu ya sakafu ya saruji, pekupeku. Siku ya tisa nikaanza kusikia maumivu upande wa ndani wa ugoko wa kulia, kama mfupa umechubuka kwa ndani. Nikafunga bandeji nikaendelea. Siku ya 11 niliruka, nilipotua mguu ukakataa. Nikakaa chini, video ikaendelea bila mimi.

Mtaalamu wa tiba ya viungo aliniambia jambo ambalo ningependa kila anayeanza alisikie. Moyo na mzunguko wa damu huzoea upesi. Baada ya wiki chache unaona pumzi imeongezeka. Misuli nayo haichelewi sana. Mifupa na kano huchukua miezi. Kwa hiyo mtu hufika mahali pumzi inamruhusu kuruka kuliko mfupa unavyoweza kubeba, na hapo ugoko hulalamika. Mimi hata sikungoja pumzi iniruhusu. Aliubonyeza ugoko wote kwa kidole, maumivu yakawa yametanda kwenye sehemu ndefu, akasema hiyo ni afadhali. Yangekuwa kwenye nukta moja, tena yanauma hata nikiwa nimelala, angenipeleka kupiga picha kwa hofu ya ufa kwenye mfupa. Nikaambiwa wiki tano bila kuruka.

Katika hizo wiki tano nikasoma mambo haya yametoka wapi. Tabata, neno mnaloliona kwenye kila video, ni jina la mtu: Izumi Tabata, mtafiti wa Japani. Mwaka 1996 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa wiki sita. Kundi moja liliendesha baiskeli ya mazoezi saa nzima kwa mwendo wa wastani, siku tano kwa wiki. Kundi la pili lilifanya vipindi vya sekunde 20 za nguvu na sekunde 10 za kupumzika, mara saba au nane, kama dakika nne hivi. Makundi yote mawili yaliongeza uwezo wa mwili kutumia oksijeni, lakini lile la vipindi likaongeza pia, kwa asilimia 28, uwezo wa kufanya kazi nzito ya muda mfupi pale oksijeni isipotosha.

Wengi wanasimulia hadi hapo wanasimama. Hawasemi kwamba waliopimwa walikuwa vijana waliozoea michezo. Hawasemi kwamba walikuwa juu ya baiskeli, ambako hakuna kutua kwa kishindo. Na hawasemi kwamba mzigo ulikuwa asilimia 170 ya ule unaotosha kuufikisha mwili kwenye kilele cha kutumia oksijeni, kiasi kwamba ikifika raundi ya nane mtu ameisha kabisa. Video ya dakika 40 ikiandikwa Tabata, hiyo si Tabata. Hakuna mwili unaodumu kwenye kasi ile kwa dakika 40.

Utafiti ulionipa moyo zaidi ni wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, uliochapishwa mwaka 2016. Hao walichukua wanaume wasiofanya mazoezi, watu kama mimi. Kundi moja baiskeli dakika 45 mfululizo. Kundi jingine dakika 10 tu, na ndani ya hizo kuna sekunde 20 za nguvu zote mara tatu, zikitenganishwa na dakika mbili mbili za taratibu. Mara tatu kwa wiki, wiki 12. Uwezo wa kutumia oksijeni ulipanda kwa karibu asilimia 19 kwa makundi yote mawili. Someni tena: dakika moja ya nguvu zote, siku tatu kwa wiki. Mimi nilikuwa nafanya dakika 40 siku sita, na kwa kuwa nilichoka daima, hakuna hata dakika moja niliyoifanya kwa nguvu kweli.

Nikapanga hivi. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, dakika 20 kila siku. Sita za kupasha mwili joto: kutembea papo kwa papo, kuzungusha mabega na nyonga, skwati (kuchuchumaa na kusimama) za nusu. Kisha raundi nane, sekunde 20 kazi, sekunde 40 kupumzika. Mwisho dakika sita za kupoa na kunyoosha viungo. Siku nyingine natembea nusu saa. Wiki sita za kwanza sikuruka kabisa: skwati za haraka, kupiga ngumi hewani nikiwa nimechuchumaa nusu, kupanda na kushuka ngazi moja, kulala kifudifudi nimeegemea viganja huku navuta goti moja moja kuelekea kifuani. Wiki ya saba nikaingiza kuruka kwenye raundi mbili tu, nimevaa viatu, juu ya mkeka mnene.

Namba zangu, mwanzo na sasa. Mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kuondoka kitandani: 78, sasa 66. Kushuka kwa mapigo ndani ya dakika moja baada ya raundi ya mwisho: 14, sasa 31. Pushapu mfululizo: 9, sasa 26. Kiuno: 101, sasa 94. Uzito: 91, sasa 87.5. Ile ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, maana inaniambia moyo unajua kutulia.

Nawasilisha. Karibuni kwa maswali, na waliopita njia nyingine watuambie.

Siku Tisini

Mkuu uzi mzuri, lakini naomba niitetee programu nzima nzima. Mimi nilifuata ratiba ya siku 90 mwanzo hadi mwisho, nikaimaliza, na sikuumia. Faida yake kubwa ni kwamba huamki asubuhi ukijiuliza leo nifanye nini. Kalenda imeshakuamulia.

Na tusizisingizie. Programu ya video ya P90X ya Tony Horton, iliyotoka mwaka 2005, ina wiki za mwili kujirekebisha ndani ya zile siku 90. Insanity ya Shaun T, ya mwaka 2009, ni siku 60, na katikati kuna wiki nzima ya kupunguza kasi. Ina pia kipimo cha siku ya kwanza ambacho unakirudia kila baada ya wiki mbili. Watu wanaruka kipimo, wanaruka wiki ya kupunguza kwa sababu wanaona inawachelewesha, halafu wakiumia wanasema programu mbaya. Kabla ya kuanza nilikuwa nimeshacheza mpira miaka mingi, hilo nakubali.

Pumzi Mpya

Hapo kwenye mpira ndipo penye jibu, mkuu. Ulianza na mifupa iliyozoea kutua. Kuhusu kalenda nakuunga mkono bila kinyongo. Mimi nimeichora yangu ukutani, vyumba vitatu kwa wiki, na kuweka alama ya vyema kumenisaidia zile siku ambazo roho haitaki.

Dada Kamba

Mnaruka mambo. Burpee moja tu inanitoa roho. Kwani lazima?

Viungo

Dada, si lazima. Mimi nafanya kazi ya tiba ya viungo na hili zoezi naliona likiwaleta watu wengi. Aliyelibuni ni Mmarekani, Royal Burpee, miaka ya 1930, na alilibuni kama kipimo cha afya: mtu alirudia mara nne, mapigo ya moyo yakahesabiwa kabla na baada. Mara nne! Lilikuwa halina kuruka juu wala pushapu ndani yake. Leo mtu asiyeweza pushapu moja sahihi anaambiwa afanye hamsini, akichoka kiuno kinazama, mgongo wa chini unabeba mzigo usiokuwa wake.

Fanya hivi. Weka viganja kwenye kiti kizito kilichoegemea ukuta badala ya sakafuni. Rudisha mguu mmoja nyuma, kisha wa pili, rudisha mmoja mmoja mbele, simama, nyoosha mikono juu. Hakuna kuruka. Ukifanya kwa kasi sekunde 20 utahema vizuri tu. Wiki zikipita unashusha mikono: kiti, kisha kigoda, kisha sakafu.

Na mleta mada, niruhusu niongeze dalili za kusimama papo hapo, siyo kumalizia raundi: maumivu au kubanwa kifua, maumivu yanayopanda kwenye taya au mkono, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, moyo kupiga bila mpangilio. Na siku moja au mbili baadaye, ukiona mkojo una rangi ya kahawia iliyokoza na misuli imevimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Misuli ikivunjika kupita kiasi, mabaki yake huziba na kuumiza figo. Huwapata hasa watu wanaoanza kwa pupa baada ya kukaa muda mrefu. Maumivu ya kawaida ya misuli huzidi kati ya saa 24 na 72, kisha hupungua yenyewe.

Mama wa Wawili

Nimesita kuandika hili lakini nadhani kuna dada analihitaji. Nilianza mazoezi ya kuruka miezi minne baada ya kujifungua mtoto wa pili. Kila nikiruka mkojo ulikuwa unanitoka. Nikawa navaa pedi na kuendelea, nikiamini ndivyo wanawake waliozaa tunavyokuwa, tunyamaze tu. Nikaacha kunywa maji kabla ya mazoezi ili nisiaibike, matokeo yake kichwa kinauma siku nzima.

Nilipomwambia mtaalamu alinieleza kwamba misuli ya sakafu ya nyonga ilikuwa dhaifu na kila nikitua nilikuwa naisukuma chini zaidi. Pia misuli ya tumbo ilikuwa imeachana katikati. Nikijiinua kutoka kulala ilitokeza kama tuta. Akanisimamisha kuruka na kukunja tumbo kwa wiki 12. Zoezi lilikuwa kubana misuli ile ambayo mtu hubana akizuia mkojo, kushika, kuachia polepole, mara nyingi kwa siku, baadaye kuibana kila ninaponyanyua kitu au kusimama kutoka kwenye kiti. Lilinichosha kwa udogo wake, nilitaka jasho. Ila mwezi wa nane niliruka kamba dakika moja nzima nikiwa mkavu, nikakaa nikalia.

Dada zangu, jambo hili ni la kawaida kwa maana ya kwamba linatupata wengi. Lina matibabu. Semeni.

Dada Kamba

Mama wa Wawili, Mungu akubariki. Umenisemea.

Mbio Ndefu

Naheshimu yote, ila mimi ni mtu wa barabarani na naona tunavipa vipindi sifa ambazo si za video. Wakimbiaji tunavijua tangu zamani. Emil Zátopek, aliyeshinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki moja, Helsinki 1952, alijulikana kwa kukimbia mita 400 mara nyingi kwa siku na mapumziko ya kujongea taratibu katikati. Lakini mkimbiaji wa leo mwenye akili hafanyi makali kila siku. Sehemu kubwa ya kilomita zake ni za mwendo ambao anaweza kuongea. Kwa hiyo mleta mada, zile nusu saa zako za kutembea umezitaja kwa sentensi moja tu, na mimi nasema huenda zimekusaidia sawa na zile raundi nane.

Pumzi Mpya

Umenikamata, na nakubali. Nilizipita haraka kwa sababu hazina msisimko wa kusimulia. Sina njia ya kutenganisha mchango wa kutembea na wa raundi, nimefanya vyote pamoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, au mchanganyiko. Raundi zangu peke yake hazifiki huko hata kidogo. Nikijumlisha kutembea nafika. Mwongozo huohuo unataka pia mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi kwa wiki, na mimi pushapu na skwati za polepole nimeziongeza kuanzia wiki ya tisa tu. Ningezianza mapema.

Kiuno Chembamba

Nimefanya mwezi mzima, mara tatu kwa wiki, uzito umeshuka nusu kilo. Kocha kwenye video anasema mwili unaendelea kuchoma mafuta saa 24 baada ya mazoezi. Mbona kwangu hauchomi?

Pumzi Mpya

Ndugu, unachoma, ila kiasi hicho cha baadaye ni kidogo kuliko wanavyokitangaza. Tupige hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Tuseme kipindi chako cha dakika 20 kinakutoa kalori 220, na hapo nimekuwa mkarimu. Mara tatu ni 660 kwa wiki. Gawanya: karibu wiki 12 kwa kilo moja, ikiwa hujaongeza hata tonge. Na wengi wetu baada ya mazoezi hujikuta tunakula zaidi, unajua mwenyewe. Kilo zangu tatu na nusu nyingi zimetoka kwenye sahani, nilipunguza nilichokuwa nakula usiku. Wala tumbo haliyeyuki kwa kukunja tumbo. Mwili huamua wenyewe mafuta yatoke wapi kwanza.

Usivunjike moyo kwa mzani. Hesabu mapigo yako ya asubuhi wiki hii, hesabu tena baada ya mwezi.

Nguvu ya Kwanza

Hizo sekunde 20, nitajuaje nimefika ukali unaotakiwa? Sina saa ya kupima mapigo.

Pumzi Mpya

Jaribu kuongea. Ukiweza kusema sentensi nzima hujafika. Ukiweza maneno mawili matatu kisha ukavuta pumzi, umefika. Na ukimaliza sekunde 40 za kupumzika ukawa bado huwezi kusema sentensi, ongeza mapumziko yawe dakika moja au zaidi. Mapumziko si kupoteza muda, ndiyo yanayokuwezesha raundi inayofuata iwe kali kweli. Ile hesabu ya 220 kutoa umri, ya kutafuta kilele cha mapigo ya moyo, itumie kwa kukadiria tu, inaweza kumkosa mtu kwa mapigo kumi au zaidi juu au chini.

Hamsini na Saba

Vijana, hamjambo. Nimesoma yote. Jina langu humu ni umri wangu. Nina presha, natumia dawa miaka sita sasa, na moja ya dawa hizo ni ile inayopunguza kasi ya moyo. Nimejaribu hiyo hesabu ya 220, inasema kilele changu ni 163. Nikipanda ngazi hadi nahema, mapigo hayavuki 115. Je, mimi nisijaribu kabisa?

Viungo

Shikamoo mzee wangu. Dawa za kundi hilo hushikilia mapigo chini hata mwili ukiwa umechoka kabisa, kwa hiyo ukiifukuza ile 163 utajiumiza na hutaifikia. Kwako kipimo ni pumzi na maneno, siyo namba za moyo. Lakini usianze kabla daktari anayekuandikia dawa hajakuona na kujua ni mazoezi ya aina gani unataka kufanya. Mwambie wazi: vipindi vya kuhema, sekunde 20. Anaweza kutaka kipimo cha moyo ukiwa unatembea kwenye mashine. Ukiruhusiwa, usibane pumzi wakati wa nguvu, pumua nje unaposukuma, maana kubana pumzi hupandisha presha ghafla. Na usisimame ghafla wala kukaa ghafla ukimaliza; endelea kutembea taratibu dakika tano, damu isije ikabaki miguuni ukaona giza.

Pumzi Mpya

Mzee wetu, shikamoo. Tunakusubiri utupe mrejesho ukitoka kwa daktari. Na kama atasema kutembea tu, kutembea tu ni mazoezi.

Hamsini na Saba

Marahaba vijana. Nimerudi, zimepita siku 16. Daktari alinipima moyo nikitembea kwenye mashine, akasema naweza, ila nianze na raundi nne, mapumziko dakika moja na nusu, na nisiruke. Amesema nipime presha kabla, na ikiwa 180 au zaidi kwa ile namba ya juu siku hiyo nisifanye.

Leo asubuhi nimeanza. Nimetembea ndani ya nyumba dakika nane, kisha kukaa na kusimama kwenye kiti, bila kushika mikono, mke wangu ameshika saa. Raundi ya kwanza mara tisa, ya pili tisa, ya tatu nane, ya nne nane. Baada ya raundi ya mwisho aliniuliza jina la mjukuu wetu wa kwanza, nikaweza kulitaja lakini si pamoja na la baba yake. Nadhani hiyo ndiyo pumzi mnayoisema.

Nimeziandika namba kwenye daftari la dawa. Keshokutwa narudia.